Shajara Yenye Jumapili Mbili

Mwaka mpya mimi huuona Oktoba,
bado unanuka wino na gundi,
umelala chali mezani, Barabara ya Kirinyaga,
hakuna aliyewahi kuuchafua.
Kazi yangu ni kupanga kurasa,
kushona mgongo, kubandika jalada,
kuvuta ule utepe mwembamba mwekundu
wa kuwaonyesha wenye ofisi walipofikia.

Hii moja ilikataliwa.
Bamba lilikosewa:
Mei, Jumapili ya pili imechapwa mara mbili,
na Machi haina tarehe kumi na nne,
kumi na tatu inaruka hadi kumi na tano
kama mtoto anayekwepa dimbwi.
"Tupa," akasema Makokha, msimamizi wetu.
Sikutupa. Niliifunga ndani ya leso
nikaenda nayo Umoja
kama mtu aliyeiba mwezi.

Mwaka jana niliandika malengo kumi na mawili,
kwa herufi kubwa, kama hukumu.
Ploti Kamulu. Leseni ya gari (gari lenyewe sina).
Kilo nane zipungue.
Niwe mtu wa kuamka alfajiri.
Kilichotimia ni hicho cha mwisho, tena si kwa ridhaa:
maji ya mtaa wetu huja saa tisa usiku,
kuamkia Jumatano, na asiyeamka hunywa jasho lake.
Kilo mbili nazo zilipungua,
lakini hiyo ilikuwa kazi ya Njaanuari, si yangu.

Mwaka huu ukaingia Jumatano.
Baruti zilikuwa zimenyamaza upande wa mjini,
mbwa wametoka chini ya magari,
bomba likaanza kukohoa.
Nikashuka na ndoo. Kwenye foleni
alikuwa mwanamke wa ghorofa ya tatu.
Miaka sita nimeishi chini ya miguu yake;
nayajua malapa yake, nakijua kifua cha mwanawe,
jina sikulijua. Kerubo.
Alinishikia mpira wa maji, akauliza,
kama anayeuliza bei ya nyanya,
"Na wewe, mwaka huu unataka nini?"

Nikasema kabla sijafikiri:
"Nataka kula nikiwa nimeketi."

Tulicheka hadi pipa likafurika,
hadi mtu wa juu akafungua dirisha
kututukana kwa kumwaga maji
na kwa kuwa na furaha saa hizo.

Basi hilo ndilo nililoandika, ukurasa wa kwanza.
Mengine yalikuja polepole, mengine kwa aibu.
Deni la sukuma kwa Mama Ndinda, mia tatu na ishirini,
anayeniamkia kila siku bila kulitaja,
na ukimya wake ndio riba.
Droo ya jikoni, irekebishwe au ing'olewe,
tuache kupigana nayo.
Ploti nimeifuta. Nilipoifuta
nilisikia kifua kikipata nafasi ya chumba kimoja.

Dada yangu Mwelu hatusemezani
tangu tulipogawana vyombo vya marehemu mama,
kwa ajili ya sufuria, na sufuria yenyewe inavuja.
Nimempigia. Nikamwambia ugomvi wetu
nimeupangia tarehe kumi na nne Machi,
aje tuumalize siku hiyo, neno kwa neno.
Akauliza kwa nini nacheka.

Mwenye nyumba hawezi kudanganyika hivyo;
tarehe tano zake zote zimechapwa vizuri.

Ile Jumapili ya kwanza ya Mei
tayari ina ibada, chama, nguo za kufua.
Ya pili sikuiandikia kitu.
Naifungua mara kwa mara, naitazama,
kisha naifunga taratibu, isimwagike.

Leo ni tarehe tisa.
Mara saba nimekula nimesimama, karibu na sinki,
simu mkononi; nimeandika kwa penseli, sikuficha.
Jana usiku niliketi.
Ilikuwa githeri ya juzi. Redio nilizima.
Kiti kililia kidogo chini yangu,
kama kilichokuwa kimenisahau.