Mkono wa Tatu

Wiki ya tatu sasa ukuta wetu umevaa viraka viwili,
kila kimoja upana wa sinia,
kushoto kwa dirisha.
Cha juu kinaitwa Krimu ya Asubuhi,
cha chini, Jivu Laini.
Hivyo ndivyo inavyosema kadi ya duka.
Fundi Katuramu huisoma akichekea puani:
"Zote ni nyeupe, mama. Moja imelala njaa tu."

Nimeviamkia saa kumi na mbili,
ukungu wa Fort Portal umekaa barabarani
kama mgeni asiyejua kuaga:
krimu ikawa jivu, jivu likawa buluu.
Saa saba, jua likichoma,
vyote viwili vilikuwa karatasi ya daftari.
Usiku umeme ukakatika, nikavimulika kwa simu,
nikaona meno.

Jirani yangu Akiiki anataka jivu, eti linaficha vumbi.
Dada yangu wa Kasese anasema jivu ni la wodi.
Kobusinge, miaka minane, anauliza
pinki imekosa nini.
Na wakwe watarajiwa wa shemeji yangu
wanafika tarehe ishirini.

Mume wangu Araali hasemi kitu.
Araali, anayebishana na redio,
anayejua bei ya misumari kwa inchi!
Nikimuuliza, "Tutaona," husema,
kisha anakwenda kuhesabu mikungu
aliyoihesabu jana.

Mamake, marehemu Abwooli, hakujua krimu.
Rangi zake zilitembea kwa miguu minne:
bihogo, gaaju,
na nyingine ambazo ulimi wangu haukuzishika.
Viraka hivi angevitazama, akasema:
ndama huyu apewe dawa.

Miaka kumi alikaa pale, mgongo ukutani,
akipeta ulezi,
na mimi akinipeta.
Chumvi yangu. Mapazia yangu. Ndugu zangu.
Samli aliyopaka nywele iliacha alama
nyuma ya kiti chake, kimo cha kichwa,
duara la hudhurungi, kubwa kuliko kiganja.
Nimelisugua kwa sabuni, kwa majivu, kwa limau.
Hupauka siku mbili, kisha hurudi
kama mwenye nyumba.

Jana fundi alipagonga kwa kidole:
"Hapa pana mafuta. Krimu ni nyepesi,
itataka mikono mitatu, la sivyo doa litachungulia.
Jivu, mikono miwili, kwisha."
Kopo zima tungeokoa. Nimekwisha fungua kinywa.

"Krimu," alisema Araali kutoka mlangoni.
"Mikono miwili."
"Mitatu, mzee."
"Miwili."
Hakunitazama. Alivitazama viatu vyake,
mtu mzima wa miaka hamsini na moja,
kama mtoto aliyevunja chungu
na bado ana kigae mfukoni.

Nilikuwa na hesabu yangu. Nilikuwa na haki yangu pia,
nimeilea miaka kumi.
Lakini nikakikumbuka kichwa kile,
ambacho hakikutikisika hata mara moja kuusifu mchuzi wangu,
kilivyoegemea pale siku mbili mfululizo usiku kucha,
Kobusinge mchanga kifuani mwake akilia,
ili mimi, niliyeshonwa, nilale.

"Miwili," nikamwambia fundi. "Pesa hazitoshi."
Pesa zilikuwa chini ya kopo la sukari.

Leo imekauka. Katuramu amekunja ngazi yake,
ameomba tusimtaje kwa wageni.
Saa kumi mwanga ulipoingia kwa ubavu
Kobusinge akaweka kidole: "Mama, hapa pamebaki."
"Nimepaona."
Nikakirudisha kiti mahali pake.
Niliyekitoa ni mimi.

Ila jivu lingepatana zaidi na mapazia.
Hilo nalisema hadi kesho.