Kisigino cha Fimbo

Usiniulize mita, Bwana Rwegoshora.
Mita ni kazi ya macho, na macho yako ni mazima.
Niulize udongo.
Kanyaga hapa, shimo la pili, mgongoni mwa kilima cha Bwiru,
Julai hii, mvua imetusahau tangu Mei:
unasikia? Ko. Ko.
Kwetu Magu tunaiita ibambasi.
Jembe la marehemu baba lilikuwa likiigonga
linarudi juu kumtafuta ugoko.

Fimbo yako mpya nimeiona. Nyuzi sitini,
uso umelala chali kama mtu anayeota jua juu ya jiwe,
na chini yake kitako kinene, kimeumuka kama andazi.
Nzuri. Ila hapa si pake.
Kitako hicho kitadunda kabla uso haujafika,
ukingo utaupiga mpira tumboni,
nao utakwenda chini chini, unapiga mluzi,
uvuke grini, uvuke ua,
hadi kwa mama Kafula, kwenye dagaa wake.

Akasema, "Nshoma, hii nimeilipia pesa nyingi."
Akapiga.

Mama Kafula amerudisha mipira saba mwaka huu.
Huu wa nane anasema hajauona.

*

Shimo la saba ni jambo jingine.
Ziwa lilipanda, likakaa wiki tatu, likashuka,
likaacha mbuga nyeusi inayonyonya viatu
na harufu ya mafunjo yaliyooza.
Hapo wembe hauna kazi.
Kitako chembamba kinazama, kinachimba
shubiri moja nyuma ya mpira
kama mtu anayepanda muhogo.
Sasa, bwana, sasa ndiyo ile nene yako.
Mguu wa kuku unazama matopeni,
mguu wa bata unapita.

Na bankani?
Inategemea mchanga umelalaje.
Ule ulioshushwa juzi na lori la Kayenze,
mkavu, unaomwagika vidoleni, unataka bata.
Ule ulionyeshewa ukashikana unataka kuku,
na usiuonee huruma.

Alicheka. Akautoa mpira matopeni kwa pigo moja,
ukatua, ukaruka mara mbili, ukatulia kama umeitwa.
"Nani alikufundisha haya?"

Nikautazama mkoba wake: fimbo kumi na nne,
kila moja na kofia yake.
Mimi ninayo moja.
Niliinunua Igoma kwa kilo, kwa muuza vyuma chakavu,
ilikuwa imelala kati ya spoku na sufuria iliyotoboka.
Namba imefutika. Nakadiria hamsini na sita.
Kisigino chake nilikisugua kwa tupa siku nne,
upande wa nyuma tu, taratibu,
hadi mume wangu akauliza kama nafungua karakana.

Jumatatu, kiwanja kikiwa chetu sisi wabebaji,
inanitosha kwa ardhi zote:
nikiufungua uso, kisigino kinashuka, napata bata;
nikitanguliza mikono mbele, kinajificha, napata kuku.
Usiite ujuzi.
Ni kukosa ya pili.

Hayo sikumwambia yote.
Nilisema, "Baba alikuwa mkulima,"
nikafuta tope kwenye andazi lake.

*

Shimo la tisa. Nyasi chache, zimechoka,
chini yake luseni, mchanga mwekundu kiasi,
si mgumu, si laini,
udongo usiosema wazi.
Nilishika fimbo mbili, moja kila mkono, nikanyamaza.
Akainua mguu wa kulia,
akakanyaga, akatega sikio,
akakanyaga tena.
Upepo wa ziwa ulituletea dagaa wa mama Kafula.

"Sijui," akasema.

Hata mimi, bwana.
Luseni ilimdanganya baba miaka thelathini.
Chagua tu, tuone.