Kifudifudi

Wageni wakifika kwenye sabili ya mtaa wetu
Abdelhak huwasimamisha palepale kila siku,
kivulini, mgongo kwa duka la masufuria,
akainyooshea nyota kijiti chake.
"Ncha nane," husema. "Malaika wanane wabebao Arshi.
Na mistari hii isiyo na kikomo
ni Yeye, asiye na mwanzo wala mwisho."
Wageni huandika. Maji huendelea kumwagika
ndani ya ndoo ya mke wa mchoma mikate.

Baba yangu, Fundi Bushta, hakuwahi kusema hivyo.
Nilipomuuliza kwa nini nane
alitema ganda la mbegu ya boga,
akachukua vigae viwili vya mraba,
akalaza kimoja, akakiweka kingine juu yake
na kukizungusha thumuni.
"Saba haifungi," akasema. "Jaribu uone.
Itabaki nafasi, nayo itakulilia usiku."
Basi. Hiyo ndiyo tauhidi niliyosomeshwa.

Karakana yake ilikuwa Ain Nokbi,
moshi wa kokwa za zeituni
ukituingia hadi kwenye chai ya nanaa.
Alichonga kwa nyundo nzito kuliko mkono wangu,
kila umbo na jina lake:
lozi, kandili, ulimi wa ndege.
Halafu akavipanga sakafuni, kifudifudi.

Huko wageni hawafiki.
Rangi zote zimelaza nyuso chini.
Unachoona ni migongo, udongo mtupu,
mamia ya migongo kama safu za Ijumaa
zilizokwenda chini pamoja
na imamu hajasema ziinuke.
Buluu iko wapi? Nyeupe iko wapi?
Yeye alijua. Ukuta mzima ulikuwa kichwani mwake,
na kichwani mwake tu.

Mimi nilikaa na kapu nikimpa.
"Buluu, Ghita." Nampa.
"Buluu." Nampa.
Ramadhani ile iliangukia Agosti.
Nilikuwa na miaka saba, na saba haifungi,
hata mama alisema,
lakini nilifunga, kwa siri, mkate wangu wa mchana
nikauzika ndani ya vumbi la vigae.
Alasiri kapu likaanza kuogelea machoni.
"Buluu," akasema.
Nikampa kijani.

Hakukigeuza kukitazama.
Mkono uliozoea kupewa haukagui.
Akakipanga kati ya migongo mingine,
akamwaga chokaa na saruji juu ya vyote,
tukaenda nyumbani.

Siku ya nne wanaume sita waliuinua ukuta.
Nyota zikatuangalia kwa mara ya kwanza,
na chini, upande wa kushoto,
jani moja katikati ya bahari.
Wanaume wakanyamaza. Mmoja akaanza kutafuta tindo.
Baba alichuchumaa. Akalowesha kidole kwa mate,
akakifuta kile kigae vumbi, taratibu,
kama anayemfuta mtoto mdomo.
"Saruji imeshakauka," akasema.

Ilikuwa imekauka kweli. Lakini nimemwona
akibomoa kuta zilizokauka kuliko ile,
kwa kosa dogo kuliko lile.
Jioni, adhana ilipolia,
tende ya kwanza aliiweka mkononi mwangu
kabla ya yake. Hakusema neno.
Mpaka leo sijui ni nani aliyemwambia.
Labda ni ule mkate.

Sasa kijiti cha Abdelhak hushuka hadi pale.
"Mabibi na mabwana, hili ni kosa la makusudi!
Fundi alijua ukamilifu ni wa Mungu pekee,
akaacha dosari moja, kwa unyenyekevu."
Wageni hufurahi sana. Hupiga picha wakiwa wameinama,
maana kigae kiko chini,
usawa wa uso wa mtoto wa miaka saba.

Mara mbili tatu nimefungua kinywa.
Yeye hunitazama, kijiti hewani,
akidhani nina swali.
"Nipishe, Abdelhak," namwambia,
"nichote maji."