Vipepeo

Mimi ni katibu wa klabu kwa sababu hakuna mwingine.
Daftari la wanachama naliandika kwa penseli:
Furtado, Toronto. Rebelo, Lisboa.
Kina Mascarenhas, nyumba nzima, Swindon;
hata kasuku wao, aliyejua kutukana kwa Kikonkani,
walimgawa kwa fundi cherehani wa Kisutu.
Waliobaki nawahesabu kwa viti. Viti sitini.
Watu ishirini na tisa, nikijihesabu mara moja tu.

Leo ni mkesha wa Mtakatifu Fransisko Ksaveri.
Upanga kuna joto la kumvua mtu shati,
umeme umekatika tangu adhuhuri,
na Melkiori yuko uani anapika bebinka:
moto juu, moto chini,
tabaka liive ndipo lingine limiminwe.
Marehemu mama ndiye aliyemfundisha.
Mimi sikufundishwa, nilikuwa nasomea uhasibu.
"Haraka ya nini?" huniambia. "Hii siyo chapati."
Mluguru wa Matombo, ana Kikonkani cha jikoni:
chumvi, moto, punguza, shika adabu.
Changu mimi ni cha sala,
na sala zenyewe huzimalizia kwa Kiswahili.

Siki ya sorpoteli ni tembo la mnazi la Mbagala
lililosahauliwa makusudi kwenye chupa siku arobaini.
Shangazi Eskolastika, miaka themanini na minne,
huionja kwa ncha ya kidole, hufumba jicho moja,
husema, "Karibu."
Hajawahi kusema zaidi ya hapo,
na mimi sijawahi kujua
kama ni karibu ya kukaribia
au karibu ya kukaribisha.

Saa mbili usiku tukafungua sanduku la mando.
Shali zipo. Lakini vipepeo vya hariri,
vilivyokuja na bibi kwa meli enzi za rupia,
mende wamekula hariri, wamebakiza mbavu.
Shangazi akavitazama
kama mtu anayetazama maiti ya jirani:
kwa heshima, bila machozi.
Wasichana wanne wamesimama mikono mitupu.
Anushka wa darasa la saba akauliza
kama simu inaweza kushikwa badala yake.

Mando haichezwi mikono mitupu.
Ni ngoma ya kutongozana bila kugusana;
kipepeo ndicho husema
mambo ambayo mdomo umekatazwa.

Melkiori akaingia kutoka uani
na vipepeo vinne vya ukindu,
vimeungua kingo, vinanuka mkaa na samaki wa Ijumaa.
Hakusema neno. Akavigawa kama karata.

Basi wakacheza. Mishumaa michache,
fidla ya mzee Kaetano yenye nyuzi tatu,
sakafu tuliyoisugua kwa nta iliyobaki Pasaka,
hatua mbili mbele, moja nyuma, shingo imeinama,
na vile vitu vya kupepea mkaa
vikapanda usoni, vikaficha tabasamu, vikashuka.
Masizi yakabaki mashavuni mwa watoto
na hakuna aliyeyafuta.

Shangazi akakohoa. Nikasubiri.
"Karibu," akasema,
akaanza kuvua viatu.

Nilipokumbuka uani, makaa yalikuwa majivu.
Bebinka ikatoka na matabaka sita ya rangi ya asali
na la saba, la juu, jeupe, bichi,
linatetemeka ukiigusa sinia.
Nikaikata hivyo hivyo, vipande thelathini.

Melkiori akakila chake kwa kusimama, mlangoni,
akalamba kidole, akalitazama lile tabaka kwa muda.

"Moto," akasema, "ulikwenda kucheza."