Uzi wa Pamba

Saa kumi na moja na nusu, gati la Quriyat.
Mizani imewashwa, ubao wa kupimia umeoshwa,
na mimi, Shinuna binti Hamdun, mpima samaki wa serikali,
naandika kwa Kiarabu, nahesabu kwa Kiswahili,
maana namba za Kiswahili haziniponyoki.

Changu thelathini na wanne. Chewa kumi na mmoja.
Kati ya chewa, watatu hawajafika mstari mwekundu.
Mwenyewe ni kijana wa benki, katoka Maskati na mshipi wa fahari,
boti mpya, miwani ya jua kabla ya jua.
Ananibembeleza: "Dada, vidole viwili tu."
Vidole viwili, ndugu yangu, ni miaka,
ni mayai ambayo hayajatagwa.
Anacheka. Anapiga picha. Anawarudisha majini,
mmoja tayari tumbo limemtokea mdomoni,
kavutwa upesi mno kutoka kina kirefu.
Sheria nimeitekeleza, na bahari nimeirudishia maiti.
Hilo nalo naliandika. Fomu haina nafasi yake;
naliandika pembeni.

Lakini chewa mkubwa ndiye ninayemwonea haya.
Alizaliwa jike, akataga miaka na miaka,
kisha ukubwani akageuka dume,
na kila mtu anamtaka huyo huyo: hoteli, harusi, picha.
Nampasua kichwa, natoa kijiwe cha sikio,
kidogo kama chenga ya mchele,
nakikata, nakiweka chini ya hadubini.
Pete kumi na tisa.
Ya saba nyembamba: mwaka ule maji yalipogeuka mekundu
tukaziba pua kwa shela mpaka sokoni.
Ya kumi na mbili, mwaka niliopewa talaka.
Samaki yeye alinenepa.

Jumanne wapiga mbizi walileta gargur.
Mama yangu, mzaliwa wa Wete, huliita dema.
Dema la kwao lilisukwa kwa fito;
likipotea linaoza, na likioza limesamehe.
Hili la waya halisamehi.
Limekaa chini, halina mwenyewe, na bado linavua:
aingiaye hufa, mfu huwa chambo,
chambo humwita mwingine.
Ndani mifupa, mifupa, kaa wawili,
na chewa mmoja hai
aliyechubuka pua kwa kutafuta mlango.
Kibati cha namba kilikuwa na kutu. Nikakisugua kwa ndimu.
Namba ya kaka yangu, Ghasib.

Sikumpigia simu. Nilikwenda.
Alikuwa uani, magargur sitini yamemzunguka
(leseni yake inasema arobaini, na aliniona nikihesabu).
Nikamwambia: kata mlango ubavuni, ukubwa wa sahani,
ushone kwa uzi wa pamba, si nailoni.
Likipotea, uzi utaoza, mlango utaanguka,
samaki atakwenda zake.
Akasema: "Na lisipopotea? Niwe nashona kila mwezi kama fundi cherehani?"
Nikasema ndiyo.
Akasema, "Wale wa Maskati hawashoni kitu."
Nikanyamaza, maana ni kweli.

Faini ya yale ishirini niliiandika kwa mkono huu
alioushika yeye nilipokuwa najifunza alifu na be.
Wiki tatu hatukusemezana.
Ijumaa Mama alipakua sinia mbili, vyumba viwili,
akala peke yake jikoni.

Leo Mama anauliza
nani kachukua uzi wake wa kofia,
ule mweupe, wa pamba, vidonge vitatu vizima.
Kofia ya mjukuu imebaki nusu vitobo.
Nimemwambia sijui.
Nimeshuka gatini, nimeyahesabu magargur kwenye boti ya Ghasib:
thelathini na tisa.
Sikugusa kitu. Niliinama tu,
nikauona mshono ubavuni, mbaya, umerukaruka,
mafundo matatu mahali palipotosha moja.