Dakika Nne za Mwanzo

Maabara iko ghorofa ya chini, hapa Tartu;
theluji imeziba nusu ya dirisha.
Ndani ya kioo chembamba, kwenye glisirini,
utepe wa wino wa buluu unajitanua,
kila chembe ikipigwa kikumbo
huku, kule, tena huku,
na bado rangi nzima inajua inakokwenda.

Taavet anataka mstari na rula.
Muda chini, mraba wa upana kando,
na mstari sharti upite kwenye sifuri:
"Saa ikiwa sifuri, hakuna kilichosambaa.
Nani hulowa kabla ya mvua?"
Anapata tano nukta tatu.

Virve haamini sifuri ya mtu.
Anauachia mstari uanzie unapotaka;
vipimo vya mwisho, rangi ikishafifia,
anavisikiliza kwa sikio moja tu.
Anapata nne nukta tisa.

Wiki tatu.
Mkate wa rai umekauka juu ya karatasi za grafu.
Kioo ni kimoja, wino ni mmoja,
na kila mmoja ana kasi yake ya kuapia.

Mimi huosha vioo. Mimi hudondosha wino.
Sikuulizwa.

Jana Virve akageuza kompyuta:
"Tazama mstari wangu unapokata mhimili.
Dakika nne kabla ya saa kuanza.
Wino ulikuwa safarini tayari."
"Kelele za vipimo," akasema Taavet,
"kelele tu."

Siku ile simu ilitetemeka mfukoni
wino ukiwa umeshatoka kwenye sindano.
Kaka yangu, kutoka hospitali ya Võru.
Alisema "Mama," halafu hakusema kitu.
Nilisimama pale na sindano mkononi.
Kisha nikabonyeza saa,
nikaandika sifuri kwa mwandiko mzuri.

Nilidhani ni kufumba na kufumbua.
Miezi miwili nimedhani hivyo.

Leo asubuhi, kabla hawajafika,
nimeandika kwa penseli pembeni mwa daftari:
*Sifuri hii si sifuri. Ongezeni dakika nne. Helmi.*

Taavet ameongeza. Mstari wake umeshuka taratibu
ukalala juu ya ule wa Virve.
"Kumbe," amesema.
Hakuuliza kwa nini.
Ameuliza kama glisirini itatosha kesho.