Nakala ya Pili

Blaenau Ffestiniog, mvua ya Novemba.
Mji wenyewe ni ngazi ya kijivu:
paa, ukuta, kilima cha vifusi, wingu,
na kati yake tofauti ndogo ndogo
ambazo mgeni huziita kitu kimoja.
Miaka kumi na minne nimo humu. Sasa nazihesabu.

Kijivu: lugha yetu imeipa rangi hii jina la jivu,
kana kwamba kila kivuli kiliwahi kuwaka.

Machi alikuja Eluned na filamu moja
ndani ya bahasha ya duka la dawa.
Kaka yao, Idwal, mlangoni pa machimbo,
patasi mkononi, bamba la jiwe gotini,
vumbi kwenye nyusi. Nikaiskani, nikaichapa
kwenye karatasi ya pamba, siku tatu za kusitasita,
hadi shati jeusi likaonyesha vifungo
na uso ukaacha kufuka moshi.
Akalipa. Akasema, "Dada yangu hataki."

Novemba, dada alitaka.
Mererid, koti likichuruzika, hakuketi.
"Ile ile," akasema. "Nisije nikasikia baadaye
kwamba Idwal wake amekolea kuliko wangu."
Miaka tisa hawasemezani, toka mazishi. Mji mzima unajua.

Faili ni ile ile. Sijagusa kitu.
Nikabonyeza, nikangoja, na aliyetoka
ni binamu yake Idwal:
vivuli vimeingia uzambarau,
vifungo viwili vimezama shatini.

Nimlaumu nani? Boksi jipya la karatasi,
weupe wake umeelekea maziwa,
la zamani lilielekea chokaa.
Wino wa toleo jingine. Kichwa cha printa
kimezeeka miezi minane, kama mimi.
Na kompyuta imejisasisha usiku bila kuniaga,
ikaamka nayo ina neno juu ya rangi.

Nikafungua droo. Humo, ukanda wa Machi:
vyumba ishirini na kimoja, toka karatasi tupu hadi wino,
na chini ya kila chumba, kwa penseli, namba.
Siyaamini macho. Macho huchoka, huzoea,
hukubali haraka ili yakalale.
Nikachapa ukanda mpya, nikauacha hadi asubuhi,
maana wino mbichi husema uongo.
Chumba cha tano kilikuwa juu kwa mbili.
Cha tisa, kwa tatu. Nikavuta mstari,
nikachapa, nikalaza, nikapima.
Nikavuta tena. Karatasi saba zikaishia pipani,
kila moja bei ya viatu vya mtoto.

Usiku wa nne namba zikatulia.
Si zote. Chumba cha ishirini,
kule ndani kabisa ya mdomo wa machimbo,
kilikataa kwa nusu. Nikakisamehe.

Alhamisi wakaja wote wawili,
mmoja saa nne, mwingine saa nne na dakika mbili.
Nikalaza picha mezani chini ya taa yangu.
Sikusema ipi ya nani; alama iko nyuma.
Wakainama, mabega yao hayakugusana.

Kisha Mererid akanyakua moja, akaipeleka dirishani.
"Hii ina giza."
Eluned, bila kuinua kichwa:
"Umeishika kwenye mvua. Ilete hapa."
"Taa yake ndiyo inadanganya."
"Wewe toka utotoni hujui kusimama penye mwanga."
Halafu Kiwelshi, kwa haraka, kwa sauti ya juu,
ambacho mimi bado nakisikia
kama changarawe ikimwagwa kwenye toroli.

Picha zilibadilishana mikono mara tatu, nne.
Nikapoteza hesabu. Nikatazama
vifungo, nyusi, lile giza la chumba cha ishirini,
na sikujua tena ipi ni ya Machi.

Ningeweza kugeuza karatasi nikasoma penseli.
Nikaenda kuchemsha chai.